Dereva, Simu na Damu ya Mtu



Wasomaji wetu wapendwa, mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani, lakini limetufikia swali ambalo halifai kungojeshwa. Mama mmoja wa mji wetu, mwenye kijana anayeendesha pikipiki ya abiria, ametueleza kuwa mwanawe alimgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara, na mzee yule akafariki baada ya siku tatu. Kijana mwenyewe amekiri mbele ya watu kwamba wakati ule alikuwa akizungumza na mteja katika simu. Majirani wanamliwaza mama huyu kwa kumwambia kuwa ajali haina kinga, na kwamba siku ya mzee ilikuwa imekwisha kufika. Yeye anataka kujua: je, ni kweli kwamba mwanawe hana deni lolote, ila lile la serikali?

Jibu letu ni kwamba deni analo, na tena si dogo. Lakini kabla ya kulieleza, yatupasa tuliangalie hilo neno la "ajali haina kinga", kwani limekuwa ni mto wa kulalia kwa watu wengi.

Ajali ni jambo linalomjia mtu pasipo yeye kulileta. Upepo wa ziwa ukiangusha tawi la mwembe juu ya mpita njia, hiyo ni ajali. Walakini mtu aliyepanda chombo chenye nguvu ya kuua, kisha kwa hiari yake akaondoa macho yake njiani na fikra zake akazipeleka kwingine, huyo ajali haikumjia; yeye ndiye aliyeiendea. Kadari ya Mwenyezi Mungu hatuikani, na kila nafsi hufa kwa siku yake. Lakini kufika kwa siku ya mzee hakumtoi kijana katika lawama, kama vile mwizi asivyoweza kumwambia kadhi kuwa mali ile ilikwisha andikiwa kumtoka mwenyewe.

Sasa tutazame ni kitu gani simu inamfanyia dereva. Wengi hudhani kuwa ubaya wake ni ule mkono mmoja unaoacha usukani. Huo ndio udogo wake. Kubwa kuliko mkono ni macho, na kubwa kuliko macho ni akili.

Juu ya macho, ipo hesabu ambayo tuliwafanyisha watoto wa darasa letu kwa chaki, nao wakashangaa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho sheria inaouruhusu palipo na makazi ya watu, hupita takriban mita 14 katika kila sekunde moja. Kuusoma ujumbe mfupi wa simu huchukua sekunde tano, na pengine zaidi kwa mtu asiyekuwa mwepesi wa kusoma. Sekunde tano hizo ni mita 70. Ama basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, hilo hupita mita 22 kwa sekunde, na kwa sekunde tano litakuwa limekwenda mita 110, ambazo ni kiwanja cha mpira kutoka goli hadi goli. Je, yupo dereva atakayekubali kufungwa kitambaa machoni, naye amebeba abiria 60, akaambiwa aendeshe kutoka goli hili hadi lile? Hayupo. Lakini jambo hilo hilo hulifanya kila siku bila ya kufungwa kitambaa.

Ama akili, hapo ndipo wanapokosea wale wanaosema, "Mimi naweka kidude cha masikioni, mikono yangu yote miwili iko huru." Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Toronto, katika nchi ya Kanada, walichapisha uchunguzi wao juu ya madereva 699 waliopata ajali hali wana simu. Walizilinganisha saa za ajali na kumbukumbu za simu zao, wakaona kuwa hatari ya kugonga wakati wa mazungumzo ni mara nne ya hatari ya wakati usio na mazungumzo. Na jambo la ajabu kwa watu wengi ni kwamba simu za kusemea bila ya kushika hazikuonekana kuwa na usalama zaidi kuliko zile za kushika mkononi. Shirika la Afya Duniani nalo mpaka leo hutaja kiasi hicho hicho cha mara nne.

Sisi walimu wa chuoni tunalijua jambo hili pasipo kufika Toronto. Mtoto aliyehifadhi sura yake vizuri humwona anasoma huku macho yake yako kwa muuza maembe, na ulimi wake haukosei kitu. Ukimtazama utadhani yuko pamoja nawe. Lakini akifika mahali ambapo aya mbili zinafanana, mara huyo ametumbukia katika sura nyingine na wala hana habari. Dereva naye ni hivyo. Njia aliyoizoea humpitisha salama mara mia moja hali anaongea, mpaka siku itakapotokea mbele yake jambo ambalo hakulizoea, kama mzee mwenye mkongojo, au mbuzi, au mtoto aliyeukimbilia mpira wake.

Wengine watauliza: mbona dereva huongea na abiria aliyeketi ubavuni mwake, na hilo halikatazwi? Tofauti ni kubwa. Abiria anaiona njia. Yakitokea mashimo au msongamano hunyamaza mwenyewe, na pengine hupiga kelele kumwonya dereva. Yule aliye katika simu yuko sokoni Kariakoo au yuko kitandani kwake, naye haoni kitu. Huendelea kudai jibu wakati ule ule ambao dereva angepaswa kukanyaga breki.

Na sisi watu wa Kigoma na Ujiji tuna sababu yetu ya kuliangalia jambo hili zaidi kuliko zamani. Barabara zetu zilipokuwa za vumbi na makorongo, mashimo yenyewe yalikuwa ndiye askari wa usalama. Hapana aliyeweza kwenda mbio kutoka Mwandiga hata akitaka. Leo tuna lami, nasi twashukuru, kwani wagonjwa wanafika hospitali na mawese na dagaa vinafika sokoni. Lakini lami hiyo hiyo inapita milangoni kwetu. Kina mama wa Kibirizi wanatembea kando yake alfajiri na beseni za dagaa vichwani. Jioni watoto wa vyuo vya Ujiji wanavuka makundi kwa makundi, na mtoto mdogo hajui kupima mwendo wa pikipiki. Yeye akiiona iko mbali hudhani kuwa iko mbali. Yule anayeendesha naye, amebana simu baina ya sikio na kofia yake ngumu, na shingo ameipinda upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Kwa shingo ile haoni upande wa pili hata kidogo. (Kofia ile waliambiwa waivae ili iwalinde vichwa vyao, nao wameigeuza kuwa mkono wa tatu wa kushikia simu.)

Tuje katika sheria ya nchi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo ndiyo Sura ya 168 katika vitabu vya sheria za Tanzania. Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994. Basi sheria iliitangulia simu kwa miaka zaidi ya 20, na kwa sababu hiyo wapo wajanja waliozoea kumwambia askari, "Nionyeshe palipoandikwa simu." Hao wamejidanganya nafsi zao. Sheria ile tangu mwanzo imelifanya kuwa kosa kuendesha chombo bila ya uangalifu, na kosa zito zaidi kuendesha kwa namna ya hatari, na kosa zito kuliko hayo kusababisha kifo au majeraha kwa uendeshaji wa namna hiyo. Haikuuliza uangalifu umepotezwa na nini. Uwe umepotezwa na pombe, au usingizi, au simu, mbele ya hakimu kosa ni lile lile.

Kwa makosa madogo askari huandika faini ya papo kwa papo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa pikipiki na bajaji ilipunguzwa kuwa shilingi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22. Faini hizi ndizo zilizowafanya watu wadhani kuwa jambo lenyewe ni la bei ya chini. Lakini mtu akifa, hapana tena habari ya shilingi 10,000. Hapo pana mahakama ya jinai, na kifungo chaweza kutolewa, na leseni yaweza kuondolewa, na kijana aliyekuwa akilisha nyumba akawa yeye ndiye wa kupelekewa chakula. Wala asidhani mtu kuwa atakana. Kampuni za simu huhifadhi saa na dakika ya kila mazungumzo, na kumbukumbu hizo vyombo vya sheria huweza kuzitaka.

Wenzetu wengine wameitaja simu kwa jina lake. Kenya, kwa kanuni zao za makosa madogo za mwaka 2016, waliweka faini ya shilingi 2,000 za kwao kwa dereva anayetumia simu hali chombo kinakwenda. Katika Falme za Kiarabu, waliko jamaa zetu wengi kwa kazi, walipandisha adhabu mwaka 2017 ikawa dirhamu 800 pamoja na alama nne mbaya juu ya leseni. Uingereza walikataza simu ya kushika mkononi mwaka 2003, kisha mwaka 2017 wakazidisha adhabu mara mbili, kisha mwaka 2022 wakaona bado watu wana hila za kusema "sikuwa naongea, nilikuwa natazama picha tu", wakaukataza kila utumiaji wa kuishika.

Liko na jambo la bima, nalo nalitaja kwa ajili ya jamaa wa waliogongwa, kwani wengi wao hawajui. Bima ile iitwayo bima ndogo, ambayo kila mwenye chombo analazimishwa na sheria kuwa nayo, haikuwekwa kwa faida ya mwenye chombo. Imewekwa kwa ajili ya yule atakayedhurika. Aliyegongwa au warithi wake wana haki ya kudai. Na mwenye chombo asiyekuwa na bima hiyo ameongeza kosa juu ya kosa, na madai yatamwangukia yeye mwenyewe.

Sasa tumrudie mama yetu na swali lake. Mama, hukumu ya anayemwua Mwislamu mwenziwe kwa kukosea imetajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, nayo ina mambo mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni dia, nayo ni haki ya warithi wa marehemu. Wao wana ruhusa ya kuisamehe yote au baadhi yake. La pili ni kafara, nayo ni haki ya Mwenyezi Mungu, na hiyo hapana mwanadamu awezaye kuisamehe. Kafara ni kumwacha huru mtumwa, na kwa kuwa watumwa leo hawako, inabaki ile ya pili, yaani kufunga miezi miwili mfululizo. Na katika kauli yenye nguvu zaidi kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, katika kafara ya kuua hapana kulisha masikini badala ya funga.

Kwa hiyo hata kama mahakama itamhukumu, na hata kama warithi wa mzee watamsamehe kwa machozi na kumkumbatia, funga ya miezi miwili ingali juu yake. Na aangalie asiianze ovyo. Akianza katika Shaabani, Ramadhani itamkata. Akianza katika Mfunguo Pili, Idi ya Mfunguo Tatu itamkata, na siku ya Idi hapana kufunga. Akiacha siku moja tu katikati pasipo udhuru, huanza upya tangu siku ya kwanza. Wakati mwepesi ni kuanza mwezi mosi Muharram, akafunga Muharram na Safar kwa mwandamo, hata kama miezi hiyo itakuwa ya siku 29.

Ama dia, asili yake ni ngamia 100, na katika kuua kwa kukosea hubebwa na jamaa wa ukoo wa upande wa baba kwa muda wa miaka mitatu, wala hakuachiwa kijana peke yake. Mahakama za nchi yetu hazitoi hukumu ya dia. Basi njia iliyobaki ni wazee wa pande mbili kukaa na kusuluhishana kwa kiasi watakachoridhiana. Nendeni msibani kwa adabu, na atangulie mjomba wake au imamu wa msikiti wenu, na kijana asikilize hata akitukanwa. Lakini nawaonya na jambo moja: kumpelekea mtu fedha gizani ili kesi izimwe si suluhu. Hiyo ni rushwa, nayo ni dhambi nyingine kabisa.

Na wale majirani wanaosema kuwa mambo ya barabarani ni ya serikali tu na hayaingii katika dini, wajue kuwa wanavyuoni wamekwisha yazungumza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa nane uliofanyika Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, mwezi Juni mwaka 1993, liliamua kuwa kuzifuata sheria za barabarani zisizopingana na sheria ya dini ni wajibu, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayoyafanya, ila likiwa ni jambo la nguvu asiloweza kulizuia, au aliyegongwa ndiye aliyelisababisha. Simu ya mteja haimo katika udhuru huo.

Hapa natamani kuwageukia wenye kupiga simu, kwani mpaka sasa tumemsema dereva peke yake, na kila mazungumzo yana watu wawili. Tarehe 24 Julai 2013, karibu na mji wa Santiago de Compostela, katika nchi ya Hispania, dereva wa garimoshi alipigiwa simu na mwenziwe wa kazi aliyekuwa ndani ya garimoshi lile lile. Shauri lenyewe lilikuwa dogo sana: palikuwa na jamaa wenye watoto watakaoshuka kituo cha mbele, na mwenziwe alitaka wasimame upande utakaowapunguzia taabu. Hayakutimia mazungumzo yao dakika mbili. Alipoweka simu, kona ya mwendo wa kilomita 80 ilikuwa mbele yake, na garimoshi likaacha reli likiwa katika kilomita 179. Walikufa watu wasiopungua 79. Mwezi Julai mwaka 2024 mahakama ilimhukumu dereva kifungo cha miaka miwili na nusu, pamoja na mkubwa mmoja wa zamani wa usalama wa reli. Aliyepiga simu hakuhukumiwa, na wala hakukusudia ila wema. Lakini ni nani kati yetu angependa kuwa mahali pake siku ile usiku?

Wenzetu wa mashua na boti wasidhani kuwa wamesalimika kwa kuwa ziwa halina lami. Mwezi Julai mwaka 2020 meli kubwa ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda juu ya mwamba katika kisiwa cha Mauritius, ikamwaga mafuta yake baharini. Kampuni iliyoikodi meli hiyo ilieleza baadaye kuwa iliusogelea ufuko ili mabaharia wapate mtandao wa simu. Na anayesafiri kutoka Kibirizi kwenda Kagunga usiku anajua namna nahodha anavyoinama juu ya kioo cha simu, kisha akiinua uso haoni kitu kwa muda, kwa kuwa mwanga ule umemharibia macho yaliyokwisha zoea giza.

Basi kina mama, na kina baba wenye vyombo, na wafanyabiashara mnaosubiri mizigo: mnapojua kuwa mtu yuko barabarani, mnampigia kwa nini? Dia na kafara ni juu ya aliyeendesha, lakini mwenye kujua kuwa anamshughulisha dereva, kisha akaendelea, hawezi kusema kuwa hakuwa na sehemu. Tajiri anayempigia dereva wake mara tano kumuuliza amefika wapi, kisha akamgombeza kwa kutopokea, huyo ndiye aliyemfundisha kupokea. Mke naye, simu isipopokelewa mara ya kwanza, huingiwa na wasiwasi, akapiga ya pili na ya tatu, mpaka mume anaipokea kwa hasira katikati ya mteremko. Si vizuri kuwalaumu wake peke yao. Nimewaona wanaume wazima wakifanya hivyo kwa watoto wao, na wala hawaoni haya.

Abiria naye ana ulimi. Wanawake wetu wengi hukaa nyuma ya pikipiki, au ndani ya gari la Kasulu, wakamwona dereva ameinamia simu, nao wakasoma dua kimoyomoyo na kunyamaza kwa kuona haya. Dua ni njema, lakini msemeshe pia: "Mwanangu, simama pembeni uzungumze, mimi nitakungoja." Kijana wa kwetu akiambiwa "mwanangu" na mtu mzima hukawia kujibu ufidhuli. Na asiposikia, mwambie akushushe, umlipe nusu yake, uende kwa miguu.

Katika nyumba chache za hapa Ujiji nimeona wamefanya mapatano mazuri. Dereva kabla ya kuwasha gari hupiga simu nyumbani na kwa tajiri, akasema, "Naondoka sasa, nitawatafuta nikifika Kidahwe." Kisha simu huiweka ndani ya mkoba, au humpa utingo wake. Wa nyumbani hawapigi mpaka wapigiwe. Likiwapo la dharura, humpigia utingo. Akifika Kidahwe husimama, hunyoosha miguu, hupiga kwa dakika tatu, kisha huendelea mpaka Kasulu.

Maswali juu ya haki za jirani, ambayo tumeyaahirisha, tutayajibu mwezi ujao inshaallah.

Wassalaam.